Anwani yenye ngazi au anwani fupi? Ulinganisho kwa wenye tovuti wa Kigoma

Mambo mengi ya tovuti yanarekebishika baadaye bila kumuumiza mtu: rangi, picha, bei, hata maneno ya ukurasa wa mwanzo. Anwani za kurasa ni jambo jingine. Zikishatoka nje, huzimiliki tena peke yako. Zimeingia kwenye makundi ya WhatsApp, zimebandikwa kwenye stika za madumu ya mawese yanayopakiwa kwenda Dar es Salaam, zimewekwa kwenye tovuti za watu wengine wanaomwelekeza mtalii afike Gombe, na Google imeshazihifadhi. Ukizibadilisha, kila mmoja wa hao anabaki na anwani iliyokufa. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtengeneza tovuti hata shilingi moja, kaa na karatasi na kalamu uamue anwani zako zitaandikwaje.

Nitalinganisha njia zinazotumika zaidi kwa kuangalia biashara mbili ambazo hapa Kigoma hazihitaji maelezo: duka linalouza dagaa, migebuka, mawese na vitenge, na kampuni ndogo ya kupeleka wageni Gombe na Mahale. Kikoa, yaani jina kuu la tovuti, nitakachotumia kama mfano ni mfano.co.tz, mahali pake weka jina lako. Kipimo changu ni kimoja: katika anwani hii, nini kitabadilika kwanza? Najua wengi huanza na swali la ipi itawapandisha juu Google. Swali hilo lina jibu, ila jibu lake ni dogo kuliko wanavyotarajia, na nitalitoa kila linapohusika.

Namba au maneno

mfano.co.tz/?p=123
mfano.co.tz/dagaa-wakavu

Hapa sina mjadala mrefu. Chukua maneno. Lakini yachukue kwa sababu iliyo sahihi. Google wamesema mara kadhaa kwamba maneno yaliyomo ndani ya anwani yana uzito mdogo sana katika kupanga matokeo. Tena tangu Januari 2025, mtu anayetafuta kwa simu haoni kabisa njia inayofuata baada ya kikoa. Anaoneshwa jina la kikoa tu. Kwenye kompyuta njia bado inaonekana. Na sisi tunajua wateja wetu wengi wako kwenye simu.

Faida ya maneno iko kwa binadamu anayepokea linki. Mteja wa Tabora amepiga simu, mtandao unakatika, na kijana wa dukani inabidi amsomee (alama ya / inaitwa mkwaju): "Mfano nukta co nukta tz, mkwaju, dagaa, kistari, wakavu. Umeipata mama?" Ameipata. Sasa msomee alama ya kuuliza, herufi p, alama ya sawasawa, mia moja ishirini na tatu, kisha akosee tarakimu moja afikie kitenge badala ya dagaa. Hata kwenye kundi la WhatsApp, mtu anayehesabu bando lake anabofya anwani inayomwambia anaelekea wapi kuliko ile inayoficha.

Namba ina sifa moja ya kweli ambayo haifai kudharauliwa: haizeeki. Bidhaa 123 itabaki 123 hata ukiibadilisha jina mara tano. Ndiyo maana masoko makubwa ya mtandaoni na magazeti huchanganya, yaani dagaa-wakavu-123, ambapo mfumo unasoma namba na binadamu anasoma maneno. Ukiwa na maelfu ya matangazo, fanya hivyo. Kwa duka la bidhaa arobaini ni mzigo usio na kazi.

Anayetumia WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, aingie kwenye mipangilio ya linki za kudumu achague jina la chapisho kabla hajachapisha ukurasa wa kwanza. Ni kazi ya dakika moja, na ikicheleweshwa mwaka mmoja inakuwa kazi ya wiki.

Ngazi nyingi, ngazi moja, au bila ngazi

mfano.co.tz/bidhaa/vyakula/samaki/dagaa/dagaa-wakavu
mfano.co.tz/bidhaa/dagaa-wakavu
mfano.co.tz/dagaa-wakavu

Huu ndio uamuzi mzito kuliko yote, kwa hiyo tusiukimbilie.

Kwanza tuiondoe imani moja iliyoenea, kwamba anwani yenye mikwaju michache huhesabiwa na Google kuwa karibu zaidi na ukurasa wa mwanzo, na kwa hiyo kuwa muhimu zaidi. Google haihesabu mikwaju. Inachoangalia ni linki: mtu akianzia ukurasa wa mwanzo, atabofya mara ngapi mpaka afike? Ukurasa wenye ngazi tano ambao linki yake iko kwenye ukurasa wa mwanzo uko karibu. Ukurasa wenye anwani fupi ambao hakuna linki yoyote inayouelekea uko mbali, hata kama jina lake lina herufi sita. Basi usidhani ukifupisha anwani umemaliza kupanga tovuti. Menyu, orodha za bidhaa na linki za ukurasa kwa ukurasa zinabaki palepale zikikusubiri.

Ngazi nyingi zina uzuri wake. Ukifungua Google Search Console (chombo cha Google cha kufuatilia tovuti yako inavyotafutwa) unaweza kuchuja kurasa zote zenye /samaki/ ndani yake na kuona wateja wangapi wamekuja kwa samaki na wangapi kwa vitenge. Kwa anwani zisizo na ngazi utalazimika kuzikagua moja moja. Kwenye faili la robots.txt, linaloiambia mitambo ya utafutaji isipite wapi, unaweza kufungia folda nzima kwa mstari mmoja. Na mtu aliyefika kwenye dagaa wakavu anaweza kufuta kipande cha mwisho cha anwani akapanda kwenye orodha ya samaki wote. Hilo la mwisho lina sharti: kila ngazi iwe na ukurasa wake unaofunguka. Anwani yenye /bidhaa/vyakula/ ambayo mtu akiifungua anaambiwa ukurasa haupo ni ngazi iliyokosa kidato, na nimeziona nyingi.

Ubaya wa ngazi nyingi unaonekana siku unapoanza kuweka bidhaa. Mawese utayaweka wapi? Kwenye vyakula, kwa kuwa yanapikiwa mgebuka na maharage? Au kwenye malighafi, kwa kuwa wanunuzi wako wa jumla ni watengeneza sabuni? Na mafuta ya mise je? Ukiyaweka kote kuwili, bidhaa moja inakuwa na anwani mbili, Google inachagua moja kwa matakwa yake, na linki za watu zinagawanyika. Dawa ipo, ni ile alama ya rel="canonical" ambayo Google, Yahoo na Microsoft waliikubali kwa pamoja mwaka 2009. Unaiweka ndani ya ukurasa kuonesha anwani ipi ndiyo ya asili. Inasaidia, lakini ni afadhali kutokuwa na ugonjwa kuliko kuwa na dawa. Google huichukua kama pendekezo, si amri.

Halafu kuna kubadilika kwa makundi yenyewe. Leo unauza samaki wa aina mbili, kesho umeongeza kuhe na sangala, na mgawanyo wako wa mwanzo hautoshi tena. Kila ukivunja kundi, anwani zote zilizokuwa chini yake zinavunjika pamoja nalo.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni wa kampuni ya safari. Kupanga vivutio kwa wilaya kunaonekana ni busara, kwa hiyo tuseme mtu alitengeneza tovuti mwaka 2010 akaandika:

mfano.co.tz/kigoma-vijijini/mahale

Mwaka 2012 zikazaliwa wilaya mpya za Uvinza, Buhigwe na Kakonko, na eneo la Mahale likaingia Uvinza. Milima haikusogea hata hatua moja, lakini anwani ilikuwa imeshakuwa ya uongo. Jirani zetu wa Tabora waliona Kaliua ikitoka Urambo kipindi kilekile, na Mpanda yote ikahama kutoka Rukwa kwenda mkoa mpya wa Katavi. Mipaka ya utawala ni ya serikali, na serikali ina haki ya kuipanga upya wakati wowote. Usiifanye kuwa nguzo ya anwani zako. Wilaya iandike ndani ya ukurasa, ambako kuirekebisha ni kufuta neno na kuandika jingine.

Hivyo chaguo langu ni la katikati: ngazi moja tu, na ngazi hiyo itaje aina ya ukurasa wala isitaje kundi la bidhaa. Duka liwe na /bidhaa/ na /makala/. Kampuni ya safari iwe na /hifadhi/ na /safari/. Aina ya ukurasa haibadiliki. Bidhaa itabaki bidhaa hata ukiihamisha kutoka vyakula kwenda malighafi. Makundi yenyewe yapewe kurasa zao, kwa mfano mfano.co.tz/samaki, zenye linki za bidhaa zote zinazohusika. Mawese yatatajwa kwenye kurasa mbili za makundi bila shida, kwa sababu anwani yake ni moja.

Kwa kampuni ya safari ningetenganisha kwa makini zaidi. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na Mahale tangu 1985. Hayo ni majina ya kujengea. Kifurushi cha siku mbili chenye punguzo la Pasaka ni cha kupita. Ukurasa mkubwa wenye maelezo ya sokwe, boti kutoka Kibirizi, msimu wa mvua na vitu vya kubeba uwe mfano.co.tz/hifadhi/gombe, nao ndio watu watauunganisha kwa miaka. Vifurushi vikae chini ya /safari/, vije na kwenda.

Bila ngazi kabisa kunafaa lini? Tovuti ikiwa na kurasa ishirini au thelathini na hutarajii kuongeza nyingi: fundi wa boti, saluni, ofisi ya wakili. Hapo hata ngazi moja ni kujisumbua. Na ngazi nyingi zinafaa taasisi yenye idara nyingi zinazoendeshwa na watu tofauti, kama chuo au hospitali kubwa, ambako kila idara inahitaji folda yake na msimamizi wake. Duka la Mwanga halifanani na chuo, na halina haja ya kujengewa anwani za chuo.

Tarehe ndani ya anwani

mfano.co.tz/2024/05/kufungwa-kwa-ziwa
mfano.co.tz/makala/kufungwa-kwa-ziwa

Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kila muuza dagaa alipigiwa simu na wateja wa mikoani wakiuliza ziwa linafungwa lini na mzigo utapatikana vipi. Tuseme uliandika ukurasa wa kuwajibu. Ukiweka tarehe kwenye anwani, suala hilo likirudi mwaka mwingine inabidi uandike ukurasa mpya, nao unaanza bila linki hata moja, huku ule wa zamani ukiendelea kuwatokea watu Google wakiwa na habari zilizopita. Ukiacha tarehe nje, unausasisha ukurasa uleule, unaandika juu yake umesasishwa lini, na linki zote zilizokusanywa zinaendelea kukufanyia kazi.

Tarehe zina nafasi yake kwenye habari za tukio: ajali, uchaguzi, mechi ya uwanja wa Lake Tanganyika. Hizo hazisasishwi, na mwaka kwenye anwani unamsaidia msomaji. Ukurasa wa bei, wa maelekezo au wa bidhaa usiwe na tarehe. Sioni hoja yoyote upande wa pili.

Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa

Mji huu unahudumia wateja wa lugha tatu bila kujitahidi. Mnunuzi wa Kasulu anasoma Kiswahili, mtalii anasoma Kiingereza, na mfanyabiashara wa Bujumbura au Kalemie huenda akapendelea Kifaransa. Njia zilizopo ni hizi:

mfano.co.tz/en/hifadhi/gombe (folda)
en.mfano.co.tz/hifadhi/gombe (kikoa kidogo)
mfano.co.tz/hifadhi/gombe?lang=en (kigezo)
mfano.co.tz/hifadhi/gombe (anwani moja inayojibadilisha lugha kulingana na mgeni)

Hiyo ya nne inavutia kwa sababu inaonekana ya kisasa, nami naiweka ya mwisho kabisa. Roboti ya Google, ile programu inayopitia tovuti, inakuja mara nyingi kutoka Marekani, na haitumi taarifa ya lugha inayoitaka. Tovuti yako itaidhania ni Mmarekani, itaipa Kiingereza, na Kiswahili chako huenda kisionekane kamwe. Hata kwa watu haifai: ukimtumia mwenzako linki ya ukurasa wa Kiswahili, yeye anaona Kiingereza kwa sababu simu yake imewekwa Kiingereza, kama zilivyo simu nyingi hapa nchini. Google wenyewe wanashauri kila lugha iwe na anwani yake.

Kigezo kinafanya kazi lakini Google hawakipendekezi kwa lugha, na watu hukikata wanaponakili. Tubaki na folda na kikoa kidogo.

Kwa upande wa utafutaji, Google wanasema zote mbili ni sawa kwao. Tofauti iko kwenye kazi ya kuzitunza. Folda inakaa ndani ya tovuti ileile, cheti kilekile cha usalama, nakala moja ya WordPress, akaunti moja. Kikoa kidogo kinahitaji kuwekwa kwenye mipangilio ya kikoa, mara nyingi kinakuwa tovuti ya pili yenye masasisho yake, na siku mtengenezaji amepata kazi Mwanza hakuna anayekumbuka kilivyofungwa. Kwa mwenye biashara anayejiendeshea mwenyewe, folda. Kikoa kidogo kitumie pale ambapo nyuma yake kuna mfumo mwingine kabisa, kwa mfano mfumo wa kuhifadhi nafasi za safari unaokodiwa kwa kampuni nyingine.

Lipi liwe kwenye mzizi, yaani bila /sw/ wala /en/? Kwa duka, Kiswahili kikae kwenye mzizi na lugha nyingine ziingie kwenye folda zao. Wateja wengi ni wa nyumbani, wasibebeshwe kipande cha ziada. Kwa kampuni ya safari ningeweka /sw/, /en/ na /fr/ zote sawa, kwa kuwa wageni ni wa pande zote na siku moja unaweza kuongeza Kijerumani bila kuvuruga kitu. Usitegemee alama hizo zimweleze Google lugha, maana yeye huitambua kwa kusoma maandishi yenyewe. Kinachomwambia kwamba kurasa tatu ni ukurasa mmoja kwa lugha tatu ni alama iitwayo hreflang, inayoandikwa kwenye kurasa zote tatu kila moja ikizitaja zote. Ukurasa mmoja ukimtaja mwenzake naye asimtaje, Google wanaweza kuipuuza.

Na je, utafsiri pia maneno ya anwani, yaani /en/hifadhi/gombe iwe /en/parks/gombe? Ukiweza, ndiyo. Mgeni anayeona neno asilolijua kwenye anwani hupata wasiwasi kidogo. Lakini kama mfumo wako haukuruhusu kwa urahisi, acha. Majina kama Gombe, Mahale na Ujiji hayatafsiriki, na ndiyo yanayotafutwa.

Kuhusu kikoa chenyewe, .co.tz ni ishara ya wazi kwa Google kwamba unahudumia Tanzania, na kwa duka ndivyo inavyotakiwa. Kampuni ya safari inayowinda wateja wa Ulaya inaweza kufikiria .com, ambayo haifungwi na nchi. Usifungue zote mbili zenye maandishi yaleyale. Fungua moja, nyingine uielekeze huko.

Maandishi ya anwani za Kiswahili

Miongozo mingi ya jambo hili imeandikwa kwa Kiingereza, na baadhi ya ushauri wake hautufai. Wanashauri kuondoa maneno madogo ya kuunganisha. Kwa Kiswahili, dagaa-wa-kigoma ni kitu kinachosomeka, na ndivyo mtu anavyoandika anapotafuta: bei ya dagaa wa kigoma. Ukiondoa wa na ya unabaki na rundo la majina. Viache, ila usiandike sentensi nzima. Maneno matatu hadi matano yanatosha.

Chagua umoja au wingi mapema. Kitenge na vitenge, mgebuka na migebuka hutofautiana mwanzoni mwa neno, kwa hiyo kwenye orodha ya kurasa zinatawanyika na unasahau uliandika ipi. Nashauri wingi kwa ukurasa wa kundi na umoja kwa kitenge mahususi, na usitoke hapo.

Ritifaa iondoe. Ukiandika ng'ombe kwenye anwani, kivinjari kinaweza kuigeuza kuwa ng%27ombe, na kama simu yako imeweka ritifaa iliyopinda inakuwa ng%E2%80%99ombe. Andika ngombe, ndani ya ukurasa andika sahihi. Nafasi tupu nazo zinageuka %20, na kwenye WhatsApp linki yenye nafasi inakatika katikati: nusu ya kwanza inakuwa ya bluu, nusu ya pili inabaki maandishi ya kawaida, na anayebofya anapotea.

Kistari cha kawaida kitumike kutenganisha maneno, si kile cha chini. Google wanapendekeza hivyo, na cha chini kinajificha linki ikipigiwa mstari. Herufi ziwe ndogo zote, kwa sababu /Dagaa na /dagaa zinahesabiwa anwani mbili, ingawa kwenye kikoa chenyewe herufi kubwa na ndogo ni sawa. Mkwaju wa mwisho uwepo au usiwepo, chagua moja. Viishio kama .php na .html viache nje: siku ukihama mfumo vitakusumbua bure.

Vichujio vya duka

Vitenge vina rangi, bei na mpangilio. Ukiwa na rangi 10, viwango 6 vya bei na namna 4 za kupanga orodha, mfumo unaweza kuzalisha anwani 240 za orodha ileile. Zikiwa folda, kama /vitenge/bluu/bei-ya-chini/vipya/, zinaonekana kama kurasa halisi na Google inapoteza muda kuzipitia. Zikiwa vigezo baada ya alama ya kuuliza, ?rangi=bluu&panga=bei, ni rahisi kuzifungia kwenye robots.txt kwa kanuni moja. Kwa vichujio, basi, ninachagua vigezo, kinyume na nilivyosema kwenye lugha. Mchanganyiko mmoja au miwili ambao watu wanautafuta kweli, kwa mfano vitenge vya harusi, upewe ukurasa wake wenye maelezo na anwani ya maneno.

Kama tayari una anwani mbaya

Hapa ushauri wangu ni wa kuzuia mkono. Kama kurasa zako za ?p=123 zinapata wageni na wateja wanakuja, usizibadilishe kwa ajili ya kupanda Google peke yake; faida ni ndogo na mtikisiko wa wiki kadhaa ni wa kweli. Badilisha unapokuwa na sababu nyingine kubwa: unahama mfumo, unaongeza lugha, au makundi yamekuzidi nguvu. Fanya mara moja, si mara tatu.

Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya inayolingana nayo kwa elekezo la kudumu, lile la namba 301. La 302 ni la muda, litumie kwa muda tu. Usielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo: mteja aliyetafuta mgebuka anatupwa sebuleni, na Google huuchukulia ukurasa huo kama uliopotea. Usijenge mnyororo pia, wa zamani kwenda wa kati kwenda mpya. Elekeza moja kwa moja. WordPress hukumbuka yenyewe jina la zamani la makala uliyoibadilisha, lakini kwa kurasa za kawaida na makundi usiitegemee.

Google wanashauri maelekezo hayo yaachwe angalau mwaka mmoja. Mimi nasema yaache muda wote ambao stika yenye anwani ya zamani inaweza kuwa bado imebandikwa kwenye dumu la mtu jikoni Nzega. Kisha badilisha linki zote za ndani ziende kwenye anwani mpya bila kupitia elekezo, tengeneza upya ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anwani zako (faili moja linabeba hadi anwani 50,000, hutazifikia) na uitume Search Console. Kwa mwezi wa kwanza fungua kila wiki ile ripoti ya kurasa zisizopatikana. Anwani utakazozikuta hapo ni zile ambazo Google bado inazitafuta bila kuzipata, na wewe ulizisahau. Zielekeze siku hiyohiyo.